Historia ya koo za waashi iandikwe kwa vipimo, si kwa sifa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalopotea kimya kimya katika miji yetu midogo ya kusini, kuanzia Mikindani na Lindi hadi Kilwa Kivinje na Masasi, nalo ni historia ya koo za waashi. Fundi mkubwa wa ukoo akifariki, siku ya arobaini watu husema marehemu alijenga nusu ya mtaa. Waliopo huitikia, dua husomwa, chakula huliwa, na maneno huishia hapo. Miaka 10 baadaye ukuta mmoja katika ile nusu ya mtaa unaanza kubanduka. Mwenye nyumba anamwita fundi mwingine, na hakuna anayeweza kumjibu swali lake la kwanza: ukuta huu umeshikwa na nini?

Kwa kukosa jibu, fundi hushika alichozoea, yaani mfuko wa saruji. Anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, nyumba inang'aa kwa mwaka mmoja au miwili, halafu inaanza kuoza kwa ndani. Nyumba nyingi za mawe zimeharibika namna hii Mikindani na Kilwa Kivinje, na zilizobaki zinaendelea kuharibika kwa mikono ya watu wenye nia njema. Ndiyo maana tunasema historia ya ukoo wa waashi iandikwe kwa vipimo: mchanganyiko gani, mchanga wa wapi, boriti ya urefu gani, nani alichoma chokaa. Sifa peke yake haimsaidii anayekuja kuziba ufa.

Kwetu sisi kampuni ya ukoo ni mara chache iwe na kibao mlangoni. Ni mzee mwenye timazi na mwiko, wadogo zake, wapwa wawili watatu, saidia fundi wa kuokoteza, mkokoteni, na siku hizi mashine ya tofali. Ndani ya ukoo kazi ziligawanyika: huyu wa tanuri la chokaa, yule wa kuchonga milango, mwingine wa kupaua. Mgawanyo huo ndio uliofanya maarifa yapotee kwa vipande. Mchoma chokaa akifa bila mrithi, mjengaji hubaki na mwiko lakini hana cha kuchota.

Tuanze na ukuta wenyewe. Nyumba za mawe za pwani yetu nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na kukarabatiwa baadaye na shirika la hisani la Uingereza la Trade Aid hadi likawa hoteli, ni la zama hizo. Lakini ufundi ni mkongwe zaidi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, kwa jiwe la matumbawe na chokaa, na sehemu ya kuba zake ingali imesimama. UNESCO ililiingiza eneo hilo pamoja na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Chokaa iliyoshika kuba zile na chokaa ya nyumba ya babu yako Mikindani hupatikana kwa njia moja.

Jiwe ni la aina mbili, na aina hizo zisichanganywe katika maelezo. Kuna jiwe gumu la nchi kavu, lenye matundu na kingo kali, linalochimbwa kwa sururu; hilo ndilo lililojaza kuta. Na kuna tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi, ambalo huchongeka kama mti na kukauka likawa gumu. Hilo liliwekwa kwenye kingo za milango, zidaka na mihrabu. Ukikuta jiwe la aina ya pili limetumika ovyo katikati ya ukuta, ujue limetoka kwenye jengo jingine lililobomoka. Hiyo tayari ni historia.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma jiwe hilo hilo. Magogo yalipangwa mviringo, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto, juu yakapangwa mawe yaliyovunjwa vipande vidogo. Jiwe huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Kilo 100 za jiwe safi zikiiva zote hutoa kilo 56 tu za chokaa mbichi, maana kilo 44 hutoka kama hewa. Chokaa hiyo ikizimwa, kila kilo 56 hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za unga. Maji ya ziada huondoka kama mvuke, kwa sababu chokaa mbichi huchemka inapozimwa na huweza kumuunguza mtu macho. Ndiyo sababu wazee wengi waliiacha izimike polepole kwa umande na mvua badala ya kuimwagia maji kwa pupa.

Kosa kubwa la tanuri ni moto usiotosha katikati. Mawe ya juu huonekana meupe, lakini ukiyavunja yana kiini kigumu. Mafundi wazembe huyaponda na kuyachanganya. Baya zaidi ni chembe zilizoiva sana zikachelewa kuzimika: zinaingia kwenye lipu, miezi baadaye zinanywa unyevu, zinavimba, na ukuta unatoa vishimo vidogo vyenye kidoa cheupe katikati. Dawa yake ni chekeche na subira. Chokaa ichekechwe na ikae kwenye maji si chini ya mwezi kabla ya kupigwa lipu.

Hatusemi watu warudi kukata mikoko na kuvunja miamba hai. Mikoko hukatwa kwa kibali, na matumbawe hai ni makazi ya samaki. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Kwa matengenezo ya leo chokaa ya mfuko inatosha, mradi iwe hai. Chokaa iliyokaa dukani na mfuko wake umetoboka hurudi kuwa jiwe polepole, na haishiki tena. Kuipima ni rahisi: weka kijiko kimoja kwenye kisahani na ukamulie limao. Ikitoa povu jingi, imekufa. Iliyo hai hutoa povu kidogo au haitoi kabisa. Kisha ikoroge na maji kidogo uone kama inanata kwenye mwiko kama siagi. Ikiporomoka kama mchanga, ibaki ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira.

Mchanganyiko wa kujengea na wa kupigia lipu, kwa kipimo cha ndoo, ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa shimo au wa mto, wenye punje za ukubwa tofauti. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na hata ukioshwa punje zake zimelingana mno na hazifungamani. Maji yatiwe kidogo. Chokaa hulainika kwa kukandwa na kupondwa, na fundi anayeongeza maji ili apumzishe mkono anajitengenezea nyufa. Ukifunikwa kwa gunia lililolowa, mchanganyiko huu hukaa wiki kadhaa na huzidi kuwa mzuri.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ndani ya kuta nyingi za zamani, katikati ya nyuso mbili zilizopigwa chokaa, hakuna chokaa safi. Pamejazwa vijiwe na udongo mwekundu wenye chokaa kidogo. Ukuta huo una unene wa sentimita 45 hadi 60 na huishi kwa kupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, kwa kuwa msingi wa zamani hauna nailoni ya kuzuia unyevu, na hutoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Lipu ya saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, mita moja, mita moja na nusu, yakibeba chumvi. Chumvi hugeuka chembe ngumu nyuma ya lipu na kuisukuma. Siku moja kipande kizima cha lipu huanguka kikiwa kimeng'ang'ania uso wa jiwe, na ndani udongo umekuwa tope. Mwenye nyumba hudhani saruji ilikuwa kidogo, anaongeza. Wakati huo vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta ule vinaoza, na dari lote linavitegemea.

Kurekebisha huanza kwa kutoa saruji kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia juu kwenda chini. Mashine ya kutoboa isitumike, maana hutikisa vijiwe vya ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana kiangazi kizima. Chumvi inayojitokeza ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Mashimo yajazwe vijiwe vidogo vilivyolala ndani ya chokaa. Ukijaza chokaa tupu kwenye shimo la kina itakauka juu na kubaki bichi ndani. Kabla ya lipu ukuta unyunyiziwe maji jioni na asubuhi, kwa sababu jiwe kavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hadi 12. La kwanza likwaruzwe kwa ncha ya mwiko ili la pili lishike, na kati ya tabaka na tabaka zipite siku kadhaa, mpaka ukucha usiingie. Mwisho hupakwa chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu hadi mitano. Anayepaka mkono mmoja mzito ataona ikipukutika kama unga.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Juni hadi Septemba. Ila upepo wa kusi hukausha upande mmoja wa nyumba haraka kuliko mwingine, kwa hiyo upande wa upepo ufunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa wiki nzima. Lipu iliyochomwa na jua siku ya kwanza huwa kama chaki, na hakuna maji yatakayoiokoa siku ya tatu.

Hapo ndipo historia ya ujenzi wa kusini inapogongana na korosho, na mtu asiyejua korosho hawezi kuielewa kampuni ya ukoo ya Newala wala ya Tandahimba. Fedha za wakulima huingia kwa wingi kati ya Oktoba na Januari, baada ya minada. Kila mtu anataka msingi uchimbwe mwezi huo huo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo fundi hupokea fedha za kazi sita kwa mara moja, hufungua misingi sita, na kuta husimama zikinyeshewa bila bati. Wakati mzuri wa kujenga, Juni mpaka Septemba, mifuko ni mitupu. Koo zilizodumu ni zile zilizopanga kazi kwa hatua na kugawa fedha kwa hatua: korosho ya mwaka huu inunue mawe, mchanga na bati viwekwe ndani; kujenga kusubiri kiangazi. Saruji isinunuliwe mapema hivyo. Kwa unyevu wa pwani, mfuko uliokaa zaidi ya miezi 3 tusiuamini kwa lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha.

Turudi kwenye kuusoma ukuta, kwa kuwa pale ambapo wazee hawapo tena ukuta ndiye shahidi. Pima kwanza upana wa chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vya boriti za mkoko huwa na upana wa mita 2.5 hadi 3, takriban dhiraa 6, hata nyumba iwe kubwa kiasi gani, kwa sababu boriti haikuvuka zaidi ya hapo bila kulegea. Chumba cha mita 4 kimejengwa baada ya mbao za msumeno au nondo kufika, au ukuta wa kati umeondolewa. Angalia pia mistari ya mashimo ukutani juu ya kichwa: hapo palikuwa na ghorofa au dari la chokaa lililoshindiliwa. Ukiona ufa ulionyooka wima kutoka msingi hadi juu, bila meno ya jiwe kuingiliana, usikimbilie kuuziba. Mara nyingi ni kiungo kati ya chumba cha kwanza na kilichoongezwa, pengine baba alijenga huku na mwana akaongeza kule. Misingi miwili ya vina tofauti haizami sawa, na ufa huo utarudi kila ukiuziba kwa kitu kigumu. Uzibwe kwa chokaa, inayovumilia kusogea kidogo.

Ukitaka kujua mchanganyiko wa marehemu, chukua kipande cha lipu ya zamani chenye ukubwa wa punje ya harage, kutoka ndani, si kwenye uso uliopakwa rangi. Kitie kwenye glasi yenye siki nyeupe, ubadilishe siki mara kadhaa kwa siku mbili. Chokaa huyeyuka, mchanga hubaki chini. Kwa rangi na umbo la punje utaweza kusema mchanga ni wa mto au wa pwani, na ukiwa na sampuli za mashimo ya jirani unaweza hata kulipata shimo lenyewe. Tahadhari ni moja: mchanga wenye vipande vya kombe nao huyeyuka, na utadhani mzee alitia chokaa nyingi kuliko alivyotia.

Zama za saruji zina historia yake, na nayo haijaandikwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951, ndio uliojenga bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Zege likawa jambo la kawaida kwa vijana waliokuwa wanajua chokaa tu. Hata hivyo kwa miongo mingi saruji ilikuwa ghali kwetu, kwa kuwa ilitoka mbali kwa meli au kwa barabara iliyokatika kila masika mto Rufiji ulipojaa. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003, na kiwanda cha Dangote kilianza kutoa saruji Mtwara mwishoni mwa mwaka 2015. Kwa miaka 12 tu mfuko wa saruji ulitoka kuwa kitu cha kutunzwa kama sukari ukawa kitu cha kila kona. Tanuri la chokaa halikufa kwa sababu lilikuwa baya. Lilikufa kwa sababu kuchoma kulichukua siku na kuzima kulichukua wiki, na mteja hakutaka tena kusubiri.

Wepesi huo umeleta ugonjwa wa tofali jepesi, na hili tunalisema kwa uchungu. Tofali la inchi 6 kwa 9 kwa 18 lina ujazo wa lita 16 hivi. Mfuko wa kilo 50 una saruji ya lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 6, ndoo zake za lita 20 za mchanga ni 10 na nusu, na baada ya kushindiliwa zinapatikana tofali 12 au 13 tu. Leo mtu hujisifu kwamba mfuko wake unatoa tofali 30. Mchanga wa tofali 30 si chini ya ndoo 24, yaani karibu sehemu 14 kwa 1. Tofali hilo ukiliangusha kutoka kiunoni linavunjika vipande, na ukilikwaruza kwa msumari linatoa unga. Halafu humwagiwa maji siku mbili badala ya angalau saba, na siku ya nne liko ukutani. Mteja alaumiwe na yeye: akiuliza bei ya tofali bila kuuliza mfuko umetoa tofali ngapi, amemlazimisha fundi mwaminifu ashindane na asiye mwaminifu.

Na nondo. Majengo mengi ya zege ya pwani ya miaka ya 1950 hadi 1970 yanatema zege sasa, nondo zinaonekana. Sababu mara nyingi ni mchanga au maji yenye chumvi, na nondo zilizolazwa karibu mno na uso. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Karibu na bahari zege la kufunika nondo lisipungue milimita 40. Kijiwe cha kuinulia nondo kinatosha kulinda kipimo hicho, lakini nani anakiweka?

Sasa tuseme juu ya urithi, maana ndipo makampuni ya koo yanapovunjikia. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Ufundi ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa mara nyingi sawa na kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Anayekusanya historia akiwauliza watoto wa marehemu peke yao atakosa nusu ya habari. Awaulize watoto wa dada zake, na wakwe waliokuja kwa mwanamke wakaingia kwenye kazi ya nyumba hiyo. Sheria za biashara hazijui mjomba. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwa mtu mmoja halina uhai wake peke yake: mwenyewe akifa, mashine ya tofali, madeni ya wateja na fedha zilizotangulizwa vyote huingia kwenye mirathi, na mpwa aliyefanya kazi miaka 20 hana karatasi. Kampuni yenye hisa huendelea baada ya mwanzilishi, na hisa huweza kuandikwa jina la mpwa mapema. Kwa zabuni za serikali pia, Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwapanga makandarasi madaraja 1 hadi 7, na tangu mwaka 2023 maombi ya zabuni hupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni. Ukoo usio na kumbukumbu ya kazi zake hauna cha kuonyesha hata ukiwa umejenga nusu ya wilaya.

Kwa hiyo tunazishauri familia, walimu wa historia na maofisa utamaduni wa halmashauri: kabla hamjamuuliza mzee mwaka, muulize tukio. Mwaka hukosewa, tukio halikosewi. Nyumba ile iliezekwa kabla au baada ya kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952? Ilijengwa reli ya karanga ikiwa bado inapita, au imeshang'olewa? Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 au baada? Saruji ilipitishwa kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, au kwenye Daraja la Mkapa? Majibu manne ya namna hiyo hukuweka ndani ya miaka 10 ya ukweli, na hapo ndipo ukuta wenyewe huthibitisha au hukanusha. Mzee akisema boriti zilitoka Rufiji kwa jahazi, panda dari uzipime, uzigonge kwa mpini wa bisibisi, na utie ncha kwenye kichwa kinachoingia ukutani. Ikizama sentimita moja, kichwa kimeoza, na kabla ya kuandika historia mwambie mwenye nyumba.

Kila kazi ipewe ukurasa mmoja kwenye kaunta buku. Juu liwe jina la mtaa na alama ya karibu, kama msikiti, mwembe au kisima, kwa kuwa namba za viwanja hubadilika. Chini yake tarehe au tukio. Aina ya msingi na kina chake. Jiwe au tofali, na shimo lilikotoka. Mchanga wa wapi. Mchanganyiko kwa ndoo. Mifuko mingapi ilitoa tofali ngapi. Unene wa ukuta. Urefu wa boriti au saizi ya kenchi. Geji ya bati. Kisha majina ya waliofanya kazi, pamoja na saidia fundi, na uhusiano wao katika ukoo: huyu mpwa, huyu shemeji. Halafu sehemu ya makosa: wapi ufa ulitokea, baada ya muda gani, ulizibwa kwa nini. Sehemu hii familia hupenda kuiruka kwa kuona aibu. Isirukwe. Fundi anayekuja miaka 30 baadaye ataihitaji kuliko ukurasa wowote.

Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe maktaba ya mkoa au ofisi ya utamaduni ya halmashauri, na kwa nyumba za Mikindani na Kilwa Kivinje nakala ya tatu ifike kwa wanaosimamia mambo ya kale. Buku litunzwe kwenye bati lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Na liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa baadhi ya kalamu husambaa karatasi ikipata unyevu wa masika.

Wasalaam,
Sisi waashi watatu,
Mikindani, Mtwara